Katie Couric, mtangazaji wa habari aliyeonyesha utumbo wake kwenye televisheni



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo ninawauliza watoto wa darasa langu: ukiwa mkubwa utafanya kazi gani? Vijana wanajibu munganga, fundi wa magari, mchezaji wa TP Mazembe. Wasichana, tangu miaka mitatu minne hivi, wengi wanajibu: "Madamu, mimi nitatangaza habari kwenye televisheni." Mwaka huu nilimuuliza mmoja kwa nini. Akasema: "Kwa sababu anavaa vizuri, na hakuna mtu anayemkata maneno." Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka. Lakini lile jibu la pili lilinifuata mpaka nyumbani.

Kwa hiyo juma hili ninawasimulia maisha ya mtangazaji mmoja wa habari, mwanamke wa Marekani anayeitwa Katie Couric. Sikumchagua kwa sababu ya mavazi wala kwa sababu ya pesa, ingawa pesa alizipata nyingi. Nimemchagua kwa sababu ya jambo alilofanya mwezi wa tatu mwaka 2000 kwa mwili wake mwenyewe, mbele ya mamilioni ya watu. Na sababu ya kulifanya ilikuwa kifo cha aina ambayo sisi pia tunaiona katika parsela zetu, tena mara nyingi tunazika bila kujua jina lake.

Alizaliwa tarehe 7 Januari 1957 huko Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo tu ya mto ukitoka Washington. Ni kitinda mimba: kwanza Emily, halafu Clara, halafu kaka yao John, mwisho yeye. Baba yao alikuwa mwandishi wa habari, lakini mshahara wa magazeti haukutosha kulisha watoto wanne, basi akaacha kazi aliyoipenda akaenda kutafuta nyingine. (Walimu wenzangu wataelewa hapo bila kuelezwa.) Ni huyo baba aliyemwambia binti yake wa mwisho ajaribu radio na televisheni.

Mwaka 1979 Katie alimaliza masomo yake kwenye chuo kikuu cha Virginia na akapata kazi katika ofisi ya televisheni ABC mjini Washington. Msifikiri alikaa mbele ya kamera. Alipokea simu, alitengeneza kahawa, alipeleka karatasi, alikwenda kuwanunulia wakubwa chakula. Mwaka uliofuata televisheni CNN ilianzishwa, naye akahamia huko. Siku moja walimjaribu mbele ya kamera. Alikuwa na sura ya msichana mdogo na sauti nyembamba. Mkubwa wa CNN alipomwona alisema hataki kumwona tena hewani.

Ninawaomba wamama msimame kidogo hapo. Mwanamke wa miaka ishirini na tatu, anaambiwa na mtu mwenye uwezo wote kwamba uso wake na sauti yake visionekane tena. Wengi wetu tungerudi nyumbani. Yeye alitafuta mwalimu wa sauti akajifunza kusema: kushusha pumzi, kupunguza haraka, kumaliza neno kabla ya kuanza lingine. Mimi mwenyewe, nilipokuwa ISP, profesa mmoja alinisimamisha mbele ya wenzangu kwa sababu nilisoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Nilimchukia juma zima. Leo ninawafundisha watoto wangu kile kile.

Mwaka 1984 Katie alikwenda Miami kuwa mwandishi wa habari wa kituo cha mji, habari za polisi, za mafuriko, za wahamiaji. Akarudi Washington kwenye kituo kingine cha mji. Mwaka 1989 televisheni NBC ikamtuma kufuata habari za wizara ya ulinzi ya Marekani. Mwisho wa mwaka huo jeshi la Marekani liliingia Panama, na yeye akawa mmoja wa wale walioeleza nchi nzima kilichokuwa kikifanyika. Hesabuni: tangu kahawa ya 1979 mpaka hapo ni miaka kumi. Mabinti zetu wanaona dakika thelathini za habari za usiku, ile miaka kumi hawaioni.

Mwezi wa nne mwaka 1991 akakaa kwenye kiti cha programu ya asubuhi ya NBC inayoitwa Today, akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Kabla ya kukubali alisema jambo moja wazi: hataki kupewa mapishi na mavazi tu huku mwanaume wa pembeni yake akipewa marais na vita. Alitaka wagawane nusu kwa nusu. Akakubaliwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1992, majuma machache kabla ya uchaguzi, alikuwa katika ikulu ya Marekani akitembezwa na mke wa rais, Barbara Bush. Yalikuwa mazungumzo ya nyumba na mapazia. Rais George Bush mwenyewe akaingia kusalimia tu. Katie hakumwacha aende. Alimshika kwa maswali karibu dakika ishirini, maswali magumu juu ya silaha zilizouzwa Iran kwa siri, hewani moja kwa moja, bila kumpandishia sauti. Ndiyo maana nilikumbuka yule msichana wa darasa langu. Mtangazaji mzuri hakatwi maneno, ni kweli, lakini ni kwa sababu amejitayarisha hata kwa mtu ambaye hakumtazamia.

Programu ile ilianza saa moja asubuhi, kwa hiyo mama huyu alitoka nyumbani giza bado, kama wale kati yenu wanaokwenda kungojea mboga na samaki kabla ya mapambazuko. Alikaa katika kiti hicho miaka kumi na tano.

*Bwana yake*

Katie aliolewa mwaka 1989 na Jay Monahan, avoka, mtu aliyependa historia na farasi. Walizaa mabinti wawili: Ellie mwaka 1991 na Carrie mwaka 1996. Jay naye aliingia kidogo katika televisheni, akieleza mambo ya sheria wakati wa kesi kubwa. Alisafiri sana. Alianza kukonda na kuchoka. Wote wawili walifikiri ni kazi na safari. Nani kati yetu hajamwambia bwana yake hivyo? Umekonda, pumzika.

Mwezi wa nne mwaka 1997 maumivu ya tumbo yakamwangusha. Wanganga walimkuta na kansere ya utumbo mkubwa, tena ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini. Alikuwa na miaka 41. Katie, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza na kutafuta, alitafuta: alipiga simu kwa wanganga wote wakubwa, alisoma kila karatasi juu ya kila dawa mpya. Tarehe 24 Januari 1998 Jay akafariki. Miaka 42. Miezi tisa tu tangu ugonjwa kujulikana. Binti mkubwa alikuwa na miaka sita, mdogo alikuwa ametimiza miwili mwezi ule ule.

Katika kitabu cha maisha yake alichotoa mwaka 2021 amekiri jambo ambalo limenigusa kuliko yote. Kwa miezi ile tisa hawakuongea juu ya kifo. Alijilazimisha kuwa na tumaini mbele ya bwana yake, na bwana yake labda alijilazimisha mbele yake, na hivyo wakaagana bila kuagana. Hawakuketi waseme: watoto utawalea namna gani, nini uwaambie juu yangu. Anajuta mpaka leo.

Kwetu hilo tunalijua. Mgonjwa hataki kusema ili asiitwe mwenye kujitabiria mabaya. Mke hawezi kuuliza, maana mke anayeuliza juu ya kifo cha bwana yake, familia itasema alikuwa anakingojea. Kisha siku ya matanga inafika, na ndugu wa marehemu wanauliza karatasi za parsela ziko wapi, na mjane hajui kwa sababu hakuthubutu kuuliza. Nimekaa katika matanga ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Katie hakufukuzwa katika nyumba yake. Kwa upande huo Marekani si kwetu. Lakini kitanda ni kile kile, na kimya ni kile kile.

Baada ya karibu mwezi mmoja alirudi kazini. Siku hiyo alivaa shingoni mkufu, na kwenye mkufu pete ya ndoa ya Jay. Aliwashukuru watu waliomwandikia, kisha akaendelea na habari.

*Mwezi wa tatu, mwaka 2000*

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe, na nitalisema kama lilivyo. Nilipoanza kuandika makala hii niliandika "sehemu za chini", nikafuta. Niliandika "ugonjwa wa aibu", nikafuta tena. Ni utumbo, ni choo, ni mahali pa kutokea choo. Mungu aliumba na hivyo.

Kansere ya utumbo mkubwa haianzi ikiwa kansere. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo, kama sundu kwenye ngozi. Hakiumi. Kinaweza kukaa miaka, hata kumi, ndipo kigeuke kuwa kibaya. Wanganga wana chombo: bomba jembamba linalopindika, lenye kamera ndogo na taa kwenye ncha. Mtu anakunywa dawa ya kusafisha utumbo siku moja kabla, anapewa dawa ya kumtuliza, bomba linaingizwa kwa nyuma, na munganga anatazama ukuta wote wa utumbo kwenye kioo kama cha televisheni. Akiona kile kinyama anakikata hapo hapo na kukitoa. Kipimo hicho kinaitwa kolonoskopi. Maana yake si kugundua kansere tu, ni kuizuia isizaliwe.

Jay hakuwa amepimwa, kwa sababu wakati ule huko kwao watu walianza kupimwa wakiwa na miaka 50. (Siku hizi wamerudisha nyuma wanaanza 45, na kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja alipata ugonjwa huo, mapema zaidi.) Na hata waliofika miaka 50 wengi hawakuenda. Waliona aibu. Kumbe aibu si ya Waafrika peke yetu.

Mwezi wa tatu mwaka 2000 Katie Couric, mwenye miaka 43, alifanyiwa kipimo hicho na kamera za NBC zikiwa chumbani. Watazamaji walimwona anakunywa ile dawa mbaya ya kusafisha tumbo. Walimwona amelala, nusu usingizi, akiendelea kuzungumza na munganga na hata kutania. Kisha wakaona ndani: ukuta wa utumbo wake, wa rangi ya waridi, kwenye skrini za nyumba zao, wakati wa kunywa chai ya asubuhi.

Fikirieni mtangazaji yeyote mnayempenda, yule wa mavazi mazuri na nywele zilizopangwa. Kazi yake inaishi kwa sura. Huyu alichukua sura hiyo, iliyomgharimu miaka ishirini kuijenga, akaiweka kitandani hospitalini.

Matokeo yalipimwa. Watafiti wa chuo kikuu cha Michigan walihesabu vipimo vya wanganga wapatao 400 kabla na baada ya programu ile, wakakuta vimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na ongezeko hilo lilidumu miezi karibu tisa. Wanawake waliongezeka zaidi, na watu wa umri mdogo zaidi walianza kuja. Wataalamu wakalipa jambo hilo jina lake, wakaliita matokeo ya Couric. Mwaka ule ule, pamoja na mjane mwingine, Lilly Tartikoff, alianzisha mfuko wa kutafuta pesa za utafiti wa ugonjwa huo, na mwaka 2004 kituo cha magonjwa ya tumbo chenye jina la Jay Monahan kikafunguliwa mjini New York.

*Jirani yangu*

Nina ruhusa ya mama mwenyewe kuyasimulia haya, bila jina. Bwana yake alikuwa dereva wa magari makubwa. Mwaka mzima na zaidi aliona damu chooni akanyamaza. Alifikiri ni hemoroide za kukaa sana kwenye usukani. Alinunua dawa za mitishamba, alijiwekea dawa za kuingiza kwa nyuma, zile zinazouzwa kwenye chupa sokoni. Wakati mwingine alisema ni amibe. Mke alijua siku alipofua suruali za ndani, na hata siku hiyo aliona aibu kumuuliza, akangoja siku nyingine tatu. Walipofika hospitalini tumbo lilikuwa limefunga. Katika matanga watu walisema amelogwa na dereva mwenzake aliyetaka lile gari. Mtoto wake mmoja yuko katika darasa langu. Ni kwa ajili ya mtoto huyo nilianza kusoma habari za ugonjwa huu, na hivyo ndivyo nilivyokutana na Katie Couric.

Sisemi kila damu ni kansere. Hapana. Hemoroide zipo, amibe zipo, minyoo ipo, na ni nyingi kuliko kansere. Lakini hakuna mtu anayeweza kuzitofautisha kwa kutazama shimo la choo. Dalili za kumpeleka mtu kwa munganga ni hizi: damu katika choo, au choo cheusi, choo kubadilika kwa majuma mengi, mara kufunga mara kuhara, tumbo kuuma bila kupona, kukonda bila sababu, kuishiwa damu na kuchoka ovyo. Ikiwa dawa ya amibe imemezwa yote na damu ingali inakuja, rudini hospitalini, msirudi kwa muuzaji wa chupa.

Ile mashine ya bomba na kamera haiko kila hospitali ya kwetu, na bei yake si ya kila nyumba. Hilo ninalijua na sitawadanganya. Lakini kuna kipimo kidogo cha kutafuta damu iliyojificha katika choo, ambacho kinafanywa na maabara na bei yake ni ndogo kuliko ile. Na kuna jambo lisilo na bei yoyote, nalo ni mke kumuuliza bwana yake, na bwana kujibu.

*Kiti cha jioni*

Mambo ya kazi yake yaliyofuata nitayapitisha haraka. Mwaka 2001 msiba ulimrudia: dada yake mkubwa, Emily, aliyekuwa seneta katika jimbo la Virginia na ambaye wengi walimwona atapanda juu zaidi, alikufa kwa kansere ya kongosho, akiwa na miaka 54. Mwisho wa mwaka huo huo Katie akasaini mkataba na NBC ambao magazeti yaliuhesabu kuwa karibu dola milioni 65 kwa miaka minne na nusu. Msiba na utajiri vilipanda naye gari moja.

Tarehe 5 Septemba 2006 akaanza kusoma habari za jioni za CBS. Wanawake walikuwa wamekaa katika kiti hicho kabla yake, lakini pamoja na mwanaume: Barbara Walters kwenye ABC tangu 1976, Connie Chung kwenye CBS tangu 1993. Couric alikuwa wa kwanza kukikalia peke yake, siku zote za kazi, kwenye moja ya televisheni tatu kubwa za Marekani. Na mnajua watu waliongea juu ya nini? Koti jeupe alilolivaa usiku wa kwanza. Tena kabla hata hajaanza, jarida la televisheni yake mwenyewe lilitoa picha yake iliyopunguzwa kwa kompyuta ili aonekane mwembamba. Yeye alisema aliipenda zaidi ile ya kwanza, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mtu mzima wa kutosha kupendwa. Maneno si hayo hasa, lakini maana ni hiyo.

Watazamaji wengi walikuja usiku wa kwanza, kisha wakapungua, na habari zake zikabaki nafasi ya tatu. Hakushinda. Ninapenda kulisema hili kwa sababu hadithi za wanawake mashuhuri kila mara zinaandikwa kama ngazi ya kupanda tu. Alikaa miaka mitano akaondoka mwaka 2011. Lakini mwaka 2008, katika kiti hicho hicho, alimuuliza Sarah Palin, aliyetaka kuwa makamu wa rais, swali ambalo mtoto wa darasa la sita angeweza kuliuliza: unasoma magazeti gani? Mama yule hakuweza kutaja hata moja. Watu wengi wa Marekani wanasema swali hilo dogo lilifanya kazi kuliko hotuba nyingi.

Ana makosa pia, na ameyaandika mwenyewe. Amekiri kwamba alipokuwa juu hakuwasaidia sana wanawake vijana waliokuja nyuma yake. Aliona kama anamfundisha mtu atakayemchukulia kiti. (Sisi wa vyama vya wamama tusijifanye hatujui ugonjwa huu.) Amekiri pia kwamba mwaka 2016 aliacha baadhi ya maneno ya jaji mmoja mkubwa, Ruth Bader Ginsburg, ili kumlinda asihukumiwe na watu. Waandishi wenzake walimlaumu kwa hilo, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Mtangazaji akianza kuchagua maneno ya kumfaa mtu anayempenda, kesho utamwaminije?

*Titi*

Mtu angefikiri mwanamke aliyefanya kazi hiyo yote ya kuhubiri vipimo hawezi kusahau chake. Alisahau. Mwaka 2022 munganga wake alimkumbusha kwamba kipimo cha picha ya matiti kimepita wakati wake kwa miezi sita. Akaenda. Tarehe 21 Juni 2022, siku ya kumbukumbu ya ndoa yake ya pili, akaambiwa ana kansere ya titi. Ilikuwa bado mwanzoni. Alifanyiwa upasuaji, kisha akachomwa na mionzi, na mwezi wa tisa akaandika wazi kwa watu wote, pamoja na lile kosa la miezi sita.

Kwetu, katika kansere zinazowashika wanawake, ya titi na ya mlango wa uzazi ndizo zinazotangulia. Kipimo cha picha wengi hatutakipata. Lakini mkono tunao. Uvimbe mgumu usiokuwepo mwezi uliopita, ngozi ya titi iliyovutika kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: hayo si ya kungojea mpaka mtoto amalize mitihani ya taifa, wala mpaka zamu yako ya likelemba ifike. Ikilazimu, tukutane tukubadilishie zamu. Kamati ilikwisha kukubali jambo hilo kwa ugonjwa, someni tena sheria zetu, ukurasa wa pili.

Katika mkutano wetu wa Alhamisi muuguzi wa kituo cha afya atakuja kujibu maswali, baada ya kukusanya michango na si kabla, maana tunajuana. Kutakuwa na kikapu mlangoni. Andikeni swali kwenye karatasi bila jina, mkunje, mtie ndani. Asiyeandika anaweza kumtuma mtoto wake mkubwa amwandikie, au aje kwangu saa moja mapema nitaandika mimi na sitasema ni la nani. Mabwana wamealikwa pia. Viti vya nyuma tutawaachia wao.